M ya Mtaa

Mwimbaji alirudia kiitikio mara tisa usiku ule. Alipomaliza mara ya sita alivua hedifoni, akaziangika kwenye stendi ya maiki na kukunja mikono.

"Mimi sichelewi," alisema. "Hiyo mashine yenu ndiyo inachelewa."

"Siz, mashine haichelewi," prodyuza alimjibu bila kugeuka. "Rudia tu."

Kijana aliyeshika mausi hakutia neno. Alikuwa na miaka 20, alikuwa amepewa kazi ya kuhariri sauti wiki tatu tu zilizopita, na moyoni alikuwa upande wa mashine. Kijana huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Miaka imepita ya kutosha kumtazama kama mtoto wa jirani, kwa hiyo ataendelea kuitwa kijana.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya tatu, Umoja Innercore, mwaka 2013. Ukuta mzima ulikuwa umebandikwa trei za mayai, kwa ile imani iliyoenea Eastlands kote kwamba zinazuia kelele. Hazizuii. Karatasi nyepesi namna ile hupunguza kidogo mwangwi wa sauti kali za juu, basi. Honi ya matatu na mahubiri ya jirani hupenya kama hakuna kitu. Kinachozuia kelele ni uzito wa ukuta, na uzito wa kuta za Innercore hutegemea mfuko wa mwenye nyumba. Lililosaidia kweli ni blanketi nzito za Gikomba zilizoning'inizwa nyuma ya mwimbaji, na saa. Sauti zilirekodiwa baada ya saa nne usiku, makanga wakishaenda kulala, na kila mtu akiomba tokeni za stima zisiishe katikati ya ubeti.

Tatizo la usiku ule lilikuwa neno moja: mtaa. Kiitikio kilianza nalo, na kila kilipoingia kilisikika kizito, kama mtu anayerukia gari lililokwisha ng'oa nanga. Kwenye skrini hakukuwa na kosa lolote. Programu ilikuwa FL Studio, ile iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops na kubadilishwa jina mwaka 2003. Juu ya dirisha lake kuna alama ndogo ya sumaku. Sumaku ikiwashwa, kipande cha sauti unachokiburuta hakikai pale ulipokiachia. Hurukia mstari wa gridi ulio karibu kikanata hapo. Ukubwa wa hatua unauchagua mwenyewe: kipimo kizima cha mapigo manne, pigo moja, au robo ya pigo, ambayo programu hiyo huiita stepu.

Wimbo ulikwenda mapigo 100 kwa dakika, hesabu nyepesi: pigo moja ni milisekunde 600, na robo yake ni 150. Kijana alikuwa ameweka sumaku kwenye pigo zima kwa sababu kiitikio kilitakiwa kuangukia pigo la kwanza, naye hakutaka kubahatisha. Alikata ukimya wote uliotangulia neno, hadi pale wimbi la sauti linapoanza kuinuka. Akaburuta. Sumaku ikadaka. Ukingo wa klipu ukakaa juu ya mstari bila hata unywele wa tofauti.

Aliuonea fahari usafi huo. Prodyuza alipoinama kutazama aliona kile kile, kila kitu kimenyooka, na wote wawili wakamgeukia mwimbaji.

Aliyegundua kosa ni mwimbaji mwenyewe, na hakuangalia skrini. Aliomba biti izimwe, abakishiwe sauti yake na kiki peke yake. Akachukua ufunguo wa nyumba akawa anagonga nao ukingo wa meza. "Mmm-taa," alitamka polepole. "Hiyo mmm ni ya kuchukua pumzi tu. Kiki inafaa inipate kwa *ta*. Nyinyi mmeipatanisha na mmm."

Kijana alivuta picha ya wimbi mpaka silabi zile zikajaza skrini. M ilikuwa kilima cha chini, laini, kisicho na kelele. Kikafuata kijibonde cha ukimya, ulimi ukijipanga nyuma ya meno, halafu t ikalipuka na a ikapanda wima kama ukuta. Kutoka mguu wa kilima hadi mlipuko wa t zilikuwa milisekunde 90 hivi. Sumaku ilikuwa imeushika ule mguu wa kilima, nao mlipuko, ambao ndio sikio lilikuwa likiusubiri, ulifika milisekunde 90 baada ya kiki.

Milisekunde 90 zinasikika chache kwa mtu asiyefanya kazi hii. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji huo ni sawa na mpiga ngoma kubaki chumbani na mwimbaji kupelekwa mita 31 kutoka hapo, ng'ambo ya barabara na ploti moja zaidi, aimbie huko. Na kama kijana angekuwa amechagua stepu badala ya pigo zima, kosa lingegeuka upande. Mwimbaji alikuwa ameianza m yake milisekunde 90 kabla ya pigo. Mstari wa stepu ulio karibu zaidi ni ule wa nyuma, milisekunde 150 kabla ya pigo. Klipu ingerukia huko, na *ta* ingewahi kwa milisekunde 60. Wangemwambia ana haraka.

Sumaku haisikii neno. Inachokijua ni ukingo wa klipu, na ukingo ni pale tu mtu alipopitisha wembe.

Mwaka 1976 watafiti watatu nchini Uingereza, John Morton, Steve Marcus na Clive Frankish, walichapisha makala fupi juu ya jambo hili hili. Ukipanga maneno yaliyorekodiwa yaanze kwa nafasi zilizo sawa kabisa, walieleza, msikilizaji hayasikii kuwa sawa. Kila neno lina kitovu chake cha pigo, na mara nyingi kitovu hicho kiko karibu na pale irabu inapoanza; sauti ya kwanza kutoka mdomoni inaweza kuwa imetangulia zamani. Kijana hakuwa amesikia habari za watafiti hao. Alichokuwa nacho ni ufunguo wa nyumba ukigonga meza.

Prodyuza hakuomba msamaha. Alimtuma kijana chini akalete smokie na mayai boilo, akasisitiza kachumbari ya ziada iwe ya siz. Marudio yale manane ya baadaye yalitupwa, maana koo lilikuwa limeshachoka tangu la nne. Wimbo ukajengwa juu ya lile la kwanza kabisa, ambalo halikuwahi kuwa na kosa.

Dawa ilikuwa rahisi kiasi cha kuaibisha. Katika FL Studio ukishikilia kitufe cha Alt wakati wa kuburuta, sumaku inakaa kando na klipu inatii mkono wako. Njia nyingine, ambayo kijana aliipenda zaidi, ni kukata klipu pale t inapolipuka, kuinatisha hapo kwenye mstari, kisha kuvuta ukingo wa kushoto urudi nyuma ili m ijitokeze kabla ya pigo. Cubase, ya kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, ina alama maalumu ndani ya klipu kwa kazi hii: unaiweka pale unapotaka kishikwe, na sumaku hufuata alama hiyo badala ya ukingo. Reaper nayo inayo. Waliotengeneza programu hizi walijua mapema kwamba mwanzo wa klipu na mwanzo wa pigo ni vitu viwili.

Akiwa na elimu hiyo mpya, kijana akaharibu wimbo wa pili.

Ulikuwa wa rapa mmoja wa Kayole, na ubeti wake ulijaa maneno ya m: mtu, mtaa, mchana, mbwa. Kijana, ambaye sasa alijiona mjuzi, alizipeleka m zote nyuma ya mstari. Mtaa ikakaa vizuri. Mchana ikakaa. Lakini "mtu" ikawa inaruka mbele kama inafukuzwa na kanjo. Alizunguka nayo siku mbili kabla ya kuelewa jambo ambalo mwalimu wake wa Kiswahili wa shule ya msingi alikuwa amelisema ubaoni: mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtaa ina silabi tatu, m-ta-a, kwa hiyo mkazo uko kwenye *ta*, na m ni kibarua anayefungua mlango. Mtu ina mbili tu, m-tu. Hapo m ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho. M ndiyo inayobeba mkazo. Rapa alikuwa ameiketisha m yake juu ya pigo kwa makusudi, bila kufikiri, kama anavyofanya kila mtu aliyenyonya lugha hii.

Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya m ambayo mtu angeweza kuipa kompyuta. Herufi ile ile, midomo ile ile, na mahali pake kwenye gridi panategemea neno lina silabi ngapi. Kijana aliacha kukata kwa macho. Alianza kusema neno kwa sauti huku akigonga goti, na mwenye nyumba, aliyepita mara moja kudai kodi akamkuta akirudia "mtu, mtu, mtu" mbele ya skrini nyeusi, stima ikiwa imepotea, hakusema kitu. Alirudi siku nyingine.

Ni rahisi kuandika kwamba gridi inaua muziki. Kauli hiyo hupendwa na watu wasiolipia muda wa studio. Genge, mtindo wa muziki uliotoka studio ya Calif Records, ambayo Clemo na Jua Cali waliianzisha mwaka 2000 katika mtaa wa California karibu na Eastleigh, ilisimama juu ya ngoma za mashine. Ethic wa Umoja walipotoa "Lamba Lolo" mwaka 2018 na gengetone ikalipuka, biti zilikuwa za kompyuta vile vile. Katika muziki wa namna hii ngoma kukaa wima ni sehemu ya utamu: inampa mchanaji ukuta wa kuegemea, apate kuchelewa, kuwahi na kukata maneno atakavyo. Anayeharibu ni fundi anayemnyoosha na mchanaji naye mpaka awe tofali ndani ya ukuta.

Wenye mashine walilijua hili pia. Roger Linn, Mmarekani aliyetoa mashine ya ngoma ya LM-1 mwaka 1980, aliiwekea uwezo wa kusahihisha mapigo yarukie mistari, na papo hapo akaiwekea namna ya kuikengeusha hiyo mistari: kila robo ya pili hucheleweshwa kidogo, kwa asilimia unayoichagua. Asilimia 50 ni mnyoofu kabisa. Ukikaribia 66 unapata mdundo wa kuyumba unaogawa nusu ya pigo kwa tatu. Katika mashine ya MPC60, aliyoibuni kwa ajili ya Akai na iliyotoka mwaka 1988, uwezo huo ulikuja kupendwa na mafundi wa hip hop dunia nzima. Kijana aliukuta ndani ya FL kama kitelezeshi kidogo kando ya mistari ya ngoma. Alikuwa amekitazama kwa miezi bila kukigusa, akidhani ni cha kupunguza sauti.

Somo lililomgharimu zaidi lilitoka Kaloleni.

Mtaa huo ulijengwa miaka ya 1940, na nyumba zake hazikupangwa kwa mistari kama ploti za Dandora za miaka ya 1970. Zinauzunguka ukumbi wa jamii, njia zikipinda. Humo aliishi mzee mpiga gitaa la benga aliyetaka kurekodi wimbo wake mwenyewe kabla vidole havijagoma. Kila mtu alimwita Jaduong', naye alimwita kila mtu "kijana yangu". Alipowekewa mlio wa metronomu masikioni alivumilia nusu dakika.

"Kijana yangu, toa hii kitu. Inanigombeza."

Akapiga dakika nne peke yake, bila kukosea hata kamba moja. Wimbo ulianza kwenye mapigo 126 hivi kwa dakika. Katika benga kuna pahali uimbaji hunyamaza na gitaa kuachiwa uwanja. Jaduong' alipofika hapo alishika kasi, na wimbo ukaishia kwenye 133. Kijana akaweka programu kwenye 130, akalikata gitaa vipande vipande, akawasha sumaku.

Mwanzoni, ambapo mzee alikuwa taratibu kuliko gridi, vipande vilibanana na kukanyagana. Mwishoni, ambapo alikuwa na kasi kuliko gridi, vilitengana vikaacha mianya. Na kwenye kila mkato kulisikika *tik*. Wimbi la sauti hupanda na kushuka likivuka mstari wa sifuri mara nyingi. Ukilikata likiwa juu au chini, spika hulazimika kuruka ghafla kutoka hapo hadi sifuri, na huko kuruka ndiko kunakosikika kama ukucha kwenye meza. Gridi ya mapigo haijali wimbi liko wapi. Sekunde moja ya sauti ya sidii ina sampuli 44,100, na mstari wa pigo huangukia yoyote kati ya hizo. Kijana alikesha usiku mbili akizifunika *tik* zile kwa kufifisha sauti kwenye kingo, moja baada ya nyingine, akiponya majeraha aliyoyatia mwenyewe.

Jaduong' alikuja kusikiliza siku ya Jumapili, akiwa na suti ya kanisani. Alisikiliza wimbo mzima, kichwa kimeinama. Ulipokwisha aliuliza swali moja, bila hasira.

"Huyu anayepiga ni nani?"

Kijana alifuta kila kitu akarudi kwenye faili la kwanza. Safari hii alitumia Reaper, programu ya Justin Frankel, kwa sababu inakuruhusu kupinda gridi yenyewe. Alizima sumaku. Alisikiliza gitaa na kuweka alama mahali ambapo mzee, kwa masikio yake kijana, alikuwa ameanza kila kipimo cha mapigo manne. Dakika nne kwa mwendo ule ni vipimo 130 hivi. Alama 130, kila moja ikivuta mstari wa gridi hadi kwenye kidole cha mzee. Kazi ilichukua siku nzima. Jioni mistari ilikuwa imeachana mwanzoni na ikisogeleana kadiri wimbo ulivyokwenda, kama viguzo vya ua unaoteremka mlima.

Hapo ndipo alipoiwasha sumaku tena, ili ngoma na besi vinate kwenye mistari ile iliyopinda. Vilinata vizuri. Mashine ikawa inakimbia mzee anapokimbia. Gitaa halikuguswa hata sampuli moja.

Kuna kazi nyingine ambapo gridi inayofaa ni ya saa tu. Miaka michache baadaye kijana alihariri matangazo ya redio kwa Audacity, ambayo ni ya bure. Tangazo la sekunde 30 ni sekunde 30. Kwa muda mrefu Audacity ilinatisha kwa vipimo vya wakati pekee, sekunde au hata fremu za sidii ambazo ni 75 kwa sekunde. Mistari ya mapigo na vipimo vya muziki ilikuja na toleo la 3.4 mwaka 2023. Kazi ya matangazo inalipa, na hakuna anayebishana juu ya m.

Ule wimbo wa kwanza haukuisha pale studio. Kabla ya usiku wa marudio tisa, demo yake yenye kosa ilikuwa imeshatoka kwenye flash ya prodyuza, ikapita kwa dereva mmoja, na kwa dereva mwingine. Kijana alikutana nayo miezi kadhaa baadaye ndani ya matatu, Jogoo Road, jioni, spika zikiwa chini ya viti na besi ikitikisa vioo. Aliitambua kabla ya sauti kuingia. Akajikaza kusubiri kiitikio, kama mtu anayesubiri jipu liguswe.

Makanga alikuwa ananing'inia mlangoni, akipiga ubavu wa gari kwa kiganja: pigo, pigo, pigo. Kiitikio kilipokaribia aliinua mkono, kiki ikapiga, na mkono wake haukushuka. Aliushikilia hewani nukta ile ile iliyocheleweshwa na mashine, kisha akaushusha pamoja na *ta*, sawasawa. Akaimba neno lote akiwa amefumba macho. Marudio ya pili alifanya vile vile, na abiria wawili wa nyuma wakagonga naye kwenye kiti cha mbele yao, wote wakichelewa pamoja.

"Mutindwa, wa kushuka?" makanga aliita.

Kijana alishuka.